Ziwa limepanda, mamba wakafuata

Katika kartie za chini za Uvira, zile zinazopakana na maji kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, kuna nyumba ambazo ziwa limeziingia na kukaa ndani. Kuta zimesimama, mabati yameng'olewa na wenyewe ili yasipotee, na pale palipokuwa na viti vya sebuleni pameota matete. Matete hayo yananitia hofu kuliko ukuta ulioanguka. Anayelijua Ziwa Tanganyika anajua kwamba matete hayakai peke yake. Samaki wadogo hujificha humo, ndege huwafuata samaki, na mamba huwafuata wote.

Tangu maji yalipoanza kupanda mwaka 2020, habari za aina moja zimezunguka ufuko wote wa kaskazini, kutoka Uvira hadi Gatumba na Bujumbura ng'ambo ya mpaka. Viboko wamepita usiku katika barabara za mitaa. Mamba ameonekana kwenye mfereji, kando ya choo, chini ya mtumbwi uliogeuzwa. Na maneno yanayofuata habari hizo ni yale yale: wanyama wameacha maji, mamba sasa amejifunza kukaa nchi kavu, kesho tutamkuta sokoni. Ninaielewa hofu hiyo. Mtu aliyelala miaka kumi ndani ya nyumba yake, kisha usiku mmoja akasikia kitu kizito kikiteleza majini chini ya dirisha, hahitaji kuambiwa kwamba mambo yamepinduka. Lakini maneno hayo yanampa mamba sifa isiyo yake, na macho yetu yote yakiwa kwake, hatuoni kilichomleta.

Mamba wa namna hiyo, anayeliacha ziwa na kuwawinda watu majumbani, yupo kwenye filamu. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Primeval, kisa chake kimewekwa Burundi ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Ndani yake kuna mamba mkubwa anayekimbiza watu juu ya ardhi kama simba. Jina lake ni Gustave, na jina hilo halikutungwa na watu wa sinema. Walilikuta hapa hapa kwetu, kwenye mdomo wa mto Ruzizi.

Gustave wa kweli alipewa jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na Patrice Faye, Mfaransa aliyekuwa akiishi Burundi na kuwafuatilia wanyama watambaao. Alikuwa mamba wa Nile, aina ile ile iliyojaa mito ya Afrika, lakini mwenye umbo la kutisha: walimkadiria kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900, mwenye makovu ya risasi mwilini. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na zaidi ya miaka 100. Baadaye walioyaona meno yake wakasema hapana, mamba wa umri huo angekuwa kibogoyo, huyu ana meno yake yote, basi ni wa miaka 60 hivi na bado anakua. Mwaka 2002 Faye na wenzake walimtegea kizimba cha chuma chenye urefu wa karibu mita 9. Waliweka nyama, wakaweka hata mbuzi mzima. Gustave hakuingia. Kazi hiyo ilirekodiwa, na mwaka 2004 ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani kama filamu ya ukweli.

Kuhusu watu aliowaua, idadi inayotajwa duniani ni 200, au 300. Hakuna daftari lililowahi kuithibitisha. Mtu alipopotea ziwani, akizama kwa dhoruba au akichukuliwa na mamba mwingine yeyote, jina lililotajwa lilikuwa moja. Tena miaka hiyo ilikuwa miaka ya vita. Burundi iliwaka kuanzia 1993, Kongo kuanzia 1996, na mto ulipokea maiti ambazo hakuna aliyeziandika. Mnyama mmoja mwenye jina la kizungu akabebeshwa mauti ya mto mzima. Ndivyo alivyopata umaarufu, na ndivyo wengi waliokufa walivyobaki bila hata kutajwa.

Hapa nakumbuka hadithi ya nunda mla watu, iliyokuwa ikisimuliwa Unguja na ambayo Askofu Edward Steere aliichapisha mwaka 1870. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaja kulalamika, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lile lile. Mwishowe akala watu, akawala na wana wa sultani mwenyewe, na kufikia hapo hakuwa paka tena, alikuwa nunda. Mwana wa mwisho akaondoka kwenda kumwinda. Akawa anaua mnyama huyu na yule, kila mara anarudi kwa mama yake akidhani amempata, na mama anamjibu kwamba siye. Nitairudia hadithi hii, kwa sababu naona Uvira nasi tumekuwa tukirudi nyumbani na mnyama asiye nunda.

Kwanza jina lenyewe la nunda. Mwaka 2007 wataalamu wa mifupa ya kale walianza kuchimbua, katika ardhi ya Songea kusini mwa Tanzania, maelfu ya vipande vya mifupa ya mnyama mmoja. Walipoviunganisha walipata mlanyama wa karibu mita 2.7, mwenye meno kama visu, magamba ya mfupa mgongoni, na miguu iliyosimama wima chini ya mwili kama ya ng'ombe. Aliishi zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita, na ni jamaa wa kale wa ukoo wa mamba. Wakamwita Nundasuchus songeaensis: nunda wa Waswahili, mamba wa Wagiriki, na Songea alikofukuliwa. Huyo ndiye aliyekuwa mwindaji wa nchi kavu. Ukoo wa mamba ulianza hivyo, kwa kutembea na kukimbia juu ya ardhi, na baadhi ya wazao wake wakaingia mtoni, wengine hata baharini. Mamba wa leo bado anabeba alama za safari hiyo. Juu ya ulimi wake kuna tezi za kutoa chumvi, ingawa yeye amezaliwa Ruzizi na maji ya bahari hajawahi kuyaonja.

Kwa hiyo anayesema mamba anajifunza nchi kavu ameigeuza historia. Nchi kavu aliiacha zamani sana. Alichobaki nacho ni kidogo, lakini si cha kudharau. Anaweza kuinua tumbo na kutembea kwa miguu yake minne, na usiku wa kiangazi, kidimbwi kinapokauka, hutembea kilomita kadhaa kutafuta kingine. Anaweza kuruka mbio fupi. Lakini huchoka upesi, misuli yake hujaa sumu ya uchovu, na mamba mkubwa wa mita 5 hawezi kumfukuza mtu mzima umbali wa uwanja wa mpira. Mbali na maji yeye ni mnyama mzito na mwoga.

Ustadi wake wote umewekwa mahali pamoja, penye upana wa mita chache: ukingo. Hapo hana mpinzani. Hulala ndani ya maji yanayofika kiunoni mwa mtu, macho na pua tu juu, au hata hivyo asivionyeshe, kwani anaweza kuzuia pumzi kwa muda mrefu akiwa ametulia. Kwenye taya zake kuna vidoa vidogo vyeusi ambavyo wengi hudhani ni uchafu. Ni viungo vya kuhisi. Wimbi dogo kabisa linaloletwa na kitu kilichogusa maji humfikia hapo, hata gizani, hata kwenye maji machafu ya mvua. Sasa fikiri bido ya lita 20 ikizamishwa ziwani. Inakoroma, inatoa mapovu, inajaa polepole, na mwenye kuijaza ameinama, uso chini, mikono miwili imeshika kitu. Anafanya hivyo mahali pale pale, saa ile ile, kila siku. Mamba si mwerevu kwa namna tunayoisimulia, ila kwa kungoja hakuna anayemshinda. Anakula mara chache sana, anaweza kukaa miezi bila chakula, na huo muda wote anaufanyia kazi moja ya kujua ni nani huja wapi na lini.

Basi kilichobadilika Uvira si mwili wa mamba wala akili yake. Ukingo ndio uliohama. Zamani ulikuwa mchangani, nyuma ya mitumbwi, na mtu alijua anapokanyaga hapo yuko kwa wenyewe. Tangu 2020 umepanda barabarani, ukapita uani, ukaingia jikoni, na mwenye ukingo akaja nao.

Wazee wa ufuko huu hawakushangaa kama sisi. Wanaikumbuka mvua ya miaka ya 1961 hadi 1964, iliyojaza maziwa yote ya Afrika Mashariki. Tanganyika lilipanda likafunika mashamba na bandari, na alama ya 1964 ikabaki kuwa ndiyo ya juu katika kumbukumbu ya waliokuwa hai. Mwezi wa tano mwaka 2024 maji yalifika tena kwenye kimo hicho, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Na kabla ya hapo kuna hadithi kubwa zaidi. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu kwa karibu mita 10 kuliko lilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mto Lukuga, ambao leo unatoka pale Kalemie kwenda kukutana na maji ya mto Kongo, ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani, na ziwa likawa linajaa kama sufuria iliyofunikwa. Mwishoni mwa miaka hiyo likavunja kizibo na kuanza kumwagika, wakati mmishonari Mwingereza Edward Hore akiwa ziwani kushuhudia. Ufuko wote ukarudi nyuma. Nenda Ujiji leo uone: mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, palipokuwa jirani na maji, pamebaki mbali na ufuko.

Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni huo mmoja wa Lukuga, tena mwembamba. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kupanda mbinguni kama mvuke. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, hakuna pa kuyapeleka. Yanapanda, na baadaye yanashuka polepole, kwa miaka mingi. Mtu anaweza kuzaliwa baada ya 1964, akaoa, akajenga, akazaa, akiwa hajawahi kuliona ziwa kwa ukubwa wake.

Ndipo tulipojenga. Uvira haina nafasi. Milima ya Mitumba imesimama nyuma ya mji kama ukuta, na kati ya mlima na maji kuna ukanda mwembamba wa ardhi unaobeba barabara, masoko, shule na malaki ya watu. Vita vilipowaondoa watu vijijini, katika Uwanda wa Ruzizi na katika milima ya Fizi na Itombwe, walishuka mjini. Juu kuna makorongo, na mto Mulongwe au Kalimabenge ukikasirika hauulizi. Chini kulikuwa na mchanga mkavu, tambarare, wa bei nafuu, ulioachwa na maji. Maskini akanunua alichoweza. Siwalaumu walionunua. Walioiona ramani, wakazijua alama za 1964, kisha wakapiga muhuri kwenye karatasi za viwanja, hao nawalaumu.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 vitu vyote viwili, mto na ziwa, vilikutana. Mulongwe ulishuka na mawe kutoka mlimani, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaua makumi ya watu na kuwaacha makumi ya maelfu bila makazi. Ziwa nalo lilikuwa limekwisha kupanda, likawa linasubiri chini. Mafuriko hayo yaliharibu pia miundombinu ya maji ya mji. Na hili, kwangu mimi, ndilo lililoandika majina ya waliokuja kushikwa na mamba.

Kwa nini mtu anashuka ziwani alfajiri na bido? Anajua kuna mamba. Mtoto wa miaka sita wa Uvira anajua. Anashuka kwa sababu robine haitoi maji. Shirika la maji, Regideso, lina mtambo na mabomba, lakini umeme ukikatika au mtambo ukiharibika mji mzima unageuka na kuliangalia ziwa. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la PLoS Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Uvira kwa kulinganisha siku ambazo mtambo ulisukuma maji na siku ambazo wagonjwa wa kuhara walifika hospitalini. Siku maji yalipokosekana kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155. Utafiti huo haukuwa wa mamba. Lakini yule yule anayekunywa kipindupindu ndiye anayeinama mbele ya mamba, siku ile ile, kwa sababu ile ile. Ni mama, au mtoto wa kike, na bido ya njano.

Ndiyo maana nimechoka kusikia kila mtu akishikwa, jambo la kwanza linaloombwa ni bunduki. Askari akija akapiga risasi majini, umati unatulia, mkubwa mmoja anasema maneno, na kesho yake bido zinashuka pale pale. Nenda Uganda uone mwisho wa njia hiyo. Katika kijiji cha Luganga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, kulikuwa na mamba wa karibu mita 5 aliyeitwa Osama, akasemwa kuwa ameua watu zaidi ya 80. Mwaka 2005 alinaswa akiwa hai, akapelekwa kwenye shamba la mamba la Buwama. Wanakijiji walisherehekea, na walistahili. Ila Ziwa Victoria halikuacha kuchukua watu, maana Osama aliondolewa na ukingo ukabaki, na wachota maji wakabaki. Mama wa kwenye hadithi angemtazama Osama na kusema, mwanangu, siye.

Kuna waliofanya jambo jingine. Sri Lanka, kwenye mto Nilwala, watu huzungushia vigingi na chuma sehemu ndogo ya maji, mtu akaoga na kufua ndani ya uzio, mamba akabaki nje. Tanzania nayo, katika vijiji vya Buchosa mkoani Mwanza, mamlaka ya wanyamapori TAWA imejenga vizimba vya namna hiyo kwa ajili ya wachota maji. Ni nondo, nguzo na kazi ya siku chache. Uvira ina mafundi wa kuchomea vyuma kila kona, wanaotengeneza milango na madirisha yenye maua. Ufuko wa Kalundu hadi Kavimvira ungeweza kuwa na vizimba 20 kabla ya mvua ijayo kama kungekuwa na mtu wa kuisimamia kazi hiyo.

Burundi, kwa upande wake, iliandika katika sheria yake ya maji ya mwaka 2012 kwamba ukanda wa mita 150 kutoka Tanganyika usiguswe. Maji yalipopanda yaliwakuta watu wengi ndani ya mita hizo hizo, Gatumba na Kibenga, matajiri na maskini. Kuandika ni rahisi. Hata hivyo naona heri kuwa na mstari uliovunjwa kuliko kutokuwa na mstari, kwa sababu uliovunjwa unaweza kurudishwa.

Nimtaje kiboko, maana huwafanya watu wachanganyikiwe. Kama kuna mnyama wa ziwa hili anayeishi kweli nusu ya maisha yake nchi kavu, ni yeye. Kila usiku hutoka na kula majani, kama kilo 40, na njia zake ni za miaka mingi, huzirithi kama mashamba. Maji yamefunika malisho ya Ruzizi, na kiboko anatafuta majani yalipo, penye mashamba ya muhogo na bustani za mboga za watu. Hawindi mtu. Anayesimama kati yake na maji ndiye anayepondwa. Jioni ukimwona, mwachie njia ya kurudi majini, wala usimmulike na tochi ili upige picha. Na chini ya mawe ya ufuko yupo pia swila wa maji, nyoka mla samaki anayezamia mita nyingi na kurudi kulala kwenye mashimo ya mawe. Nyumba iliyobomoka ndani ya ziwa kwake ni mawe mengine tu. Anayekwenda kuokoa matofali yake asiingize mkono asipoona.

Lipo jambo moja ambalo ni lazima lisemwe, ingawa najua si wote watapenda. Mtu akichukuliwa na mamba, haipiti wiki bila neno kutembea kwamba yule hakuwa mamba wa Mungu, alikuwa mamba wa kutumwa. Kisha linatafutwa jina. Na jina linalopatikana huwa la bibi kizee asiye na mwana, au mzee aliyegombana na jirani kuhusu kiwanja. Nimesema mapema kwamba hofu naielewa. Uchungu wa mama aliyepokonywa mtoto bila hata mwili wa kuzika nauelewa zaidi. Lakini mamba hahitaji mtu wa kumtuma. Tezi, vidoa vya taya, subira na robine iliyokauka vinamtosha. Kila bibi anayefukuzwa kwake kwa sababu ya mamba ni mtu wa pili aliyeliwa, na huyo ameliwa na sisi.

Wala sisemi mamba wamalizwe. Katikati ya karne iliyopita waliwindwa kwa ajili ya ngozi hadi mito mingi ikawa mitupu, na tangu 1975 biashara hiyo imewekewa vizuizi vya kimataifa. Ziwa hili lina hata mamba wa pili, mwenye pua nyembamba, mla samaki, ambaye ni adimu na hana ugomvi na mtu. Upande wa Burundi mdomo wa Ruzizi umo ndani ya hifadhi ya taifa. Upande wetu mto ule ule una ng'ombe, mchele, askari na wakimbizi. Mwezi wa pili mwaka 2025 maelfu ya watu waliuvuka wakikimbia vita, kwa miguu na kwa mitumbwi, wengine wakazama. Mamba wa mto huo hajui mpaka uko wapi, na maofisa wa pande mbili wangekaa meza moja wangeweza angalau kuwa na daftari moja: nani ameshikwa, wapi, saa ngapi, alikuwa akifanya nini. Mji wetu una Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH, ambacho wataalamu wake wamepima samaki na maji ya ziwa hili kwa miongo mingi. Daftari hilo lina mahali pa kukaa.

Kinachonisumbua zaidi ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita maji hushuka kidogo, mchanga unatokea tena mbele ya nyumba zilizozama, na watu wanarudi. Wanafagia tope, wanarudisha mabati, wanasema ziwa limetubu. Ni miezi hiyo hiyo ambayo mamba jike hupanda juu ya mchanga, akachimba shimo na kuweka mayai, 50 hivi, akayafunika na kulala jirani. Hatoki hapo kwa karibu miezi mitatu, halali mbali, na hali kitu cha maana. Anamshambulia yeyote anayekaribia. Joto la mchanga ndilo litakaloamua watoto wawe dume au jike. Mvua za kwanza zikianza, watoto hulia ndani ya mayai, mama akafukua, akawabeba mdomoni mmoja mmoja hadi majini, kwenye matete. Mchanga anaoutaka yeye na mchanga anaoutaka baba wa familia aliyekaa kambini miaka mitatu ni mmoja, katika miezi ile ile.

Basi usijenge hapo kiangazi hiki. Ukiona shimo lililofukiwa upya mchangani, usilichimbe, waite wavuvi na wazee wa avenyu waweke miti ya alama. Usimtume mtoto majini kabla ya jua kutoka wala baada ya kuzama, na anayechota achote kwa chombo chenye mpini mrefu, kila siku mahali tofauti, mwenzake akiwa amesimama na kuangalia. Na wewe ambaye robine yako bado inatoa maji, Kasenga, Kimanga au popote, mfungulie jirani mlango wa uani leo jioni, kabla hajamwamsha binti yake alfajiri na kumpa bido.